Kujifunza kwa jirani si kuiga: Funzo la basi la pembezoni

Hazipiti siku nyingi kabla ya msomaji wa magazeti ya humu nchini kukutana na habari za ujumbe wa kaunti fulani uliofunga safari kwenda ng'ambo kwa kile kinachoitwa ziara ya mafunzo. Wajumbe huondoka kwa vishindo, hupigwa picha mbele ya majengo marefu, hurejea na mabegi mazito kuliko yale waliyoondoka nayo, na ripoti yao, kama iliandikwa, huishia kabatini. Mwananchi ambaye kodi yake ndiyo iliyolipia tikiti hubaki akijiuliza walichojifunza. Swali hilo ni la haki kabisa. Hata hivyo, nachelea kwamba kwa sababu ya ghadhabu zetu tunaweza kufikia uamuzi usiofaa, yaani kuamini kuwa kujifunza kutoka kwa wengine ni ubadhirifu mtupu. Wapo watu waliovuka mipaka ya nchi zao wakajifunza, wakarudi, na maisha ya wanakijiji wao yakabadilika. Nimewaona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri hadi milima ya Alpi kwa shughuli za taaluma yangu ya isimu. Nilitaka kuisikia lugha ya Kiromanshi ikizungumzwa na wenyewe. Hii ni lugha ndogo iliyotokana na Kilatini, ambayo wananchi wa Uswisi waliipigia kura mwaka 1938 iwe lugha ya nne ya taifa lao. Wanaoitumia kama lugha yao kuu ni takriban watu 40,000 tu. Nilikwenda kutafuta lugha, nami nikarudi nikifikiria mabasi.

Nilishuka kwenye garimoshi katika mji mdogo wa Zernez. Reli inayofika huko ina upana wa mita moja, upana ule ule wa reli yetu ya zamani itokayo Mombasa. Nje ya stesheni basi la rangi ya manjano lilikuwa limesimama, mlango wazi. Ndani mlikuwa na abiria wanne nikijihesabu na mimi: bibi mmoja mwenye kikapu, wanafunzi wawili na mgeni kutoka Afrika. Kwa mazoea ya kwetu, niliketi nikijiandaa kungoja sana. Nilimuuliza dereva, kwa Kijerumani changu cha kukwaruza, kama tungesubiri abiria wengine. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akasema kwamba basi lake halingoji kujaa, linangoja saa. Naye bibi akamsalimu dereva kwa Kiromanshi, "Allegra", wakaanza kuzungumza habari zao, na dakika ilipofika tukaondoka na viti vyetu vitupu.

Tulipanda hadi njia ya mlimani iitwayo Pass dal Fuorn, mita 2,149 juu ya usawa wa bahari, kisha tukateremka katika bonde la Val Müstair. Bonde hili lina wakazi wapatao 1,500. Limejitenga na Uswisi nzima kwa mlima, nao mto wake hutiririka kuelekea Italia. Kwa mizani ya mfanyabiashara, mahali kama hapa hapafai basi. Watu ni wachache, barabara ina kona nyingi na theluji ni kubwa. Lakini basi hupita karibu kila saa, huwapeleka watoto shule, wagonjwa katika hospitali ndogo ya Santa Maria, na watalii katika monasteri ya kale ya Müstair. Kisha huvuka mpaka, hupita Taufers na Glurns, na kukoma katika stesheni ya Mals nchini Italia. Nilipofika Mals, garimoshi lilikuwa likitungoja.

Nilijiuliza basi hili linawezekanaje. Jibu la kwanza ni la kisheria. Nchini Uswisi, kijiji chenye wakazi wasiopungua 100 huhesabiwa kuwa kinastahili kuunganishwa na usafiri wa umma. Serikali kuu na jimbo huagiza huduma kwa mkataba, na nauli isipotosha kulipia gharama, pengo hilo huzibwa kwa fedha za umma. Nchi hiyo haikukaa ikisubiri mwekezaji aone faida katika bonde la watu 1,500, maana angesubiriwa hadi bonde lihamwe.

Na mabonde huhamwa kweli. Kisa hiki kinajulikana kote Ulaya. Basi la kijijini likikosa abiria, safari hupunguzwa. Safari zikipunguzwa, abiria waliosalia hununua magari au huhamia mjini. Wakiisha kuhama, safari hupunguzwa tena, hadi siku ile basi la mwisho linapoondoka bila kurudi. Uingereza iliyaona haya upande wa reli. Mnamo Machi 1963 ripoti maarufu ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 na takriban kilomita 8,000 za njia ya reli kwa kuwa hazikuwa na faida. Reli iliyotoka Edinburgh kupitia wilaya za mpakani mwa Uskoti ilifungwa mwaka 1969. Mwaka 2015 kipande chake cha kilomita 48 hivi kilifunguliwa upya, kwa gharama ya kujenga upya kile kilichokuwa kimeng'olewa. Kubomoa kulikuwa rahisi. Kurejesha kulichukua zaidi ya miaka 40.

Kwa mtu wa taaluma yangu jambo hili si la magurudumu tu. Lugha ndogo huishi mahali ambapo vijana wanaweza kulala nyumbani na kufanya kazi au kusoma mahali pengine. Kijana anayelazimika kuhama bonde ili apate elimu huoa huko, hulea huko, na watoto wake husema lugha ya huko. Leo si wachache wazungumzaji wa Kiromanshi waishio katika miji inayosema Kijerumani. Sithubutu kudai kwamba basi peke yake huokoa lugha. Ninachodai ni kwamba kijiji kisichofikika hakina lugha ya kuokoa.

Jibu la pili ni ratiba, na hapa ndipo safari ya kujifunza inapoanza. Mwaka 1982 reli za Uswisi zilianzisha kote nchini ratiba ya namna ambayo Wajerumani huiita kwa neno lenye maana ya mapigo ya muziki. Tuiite ratiba ya mapigo. Garimoshi likiondoka saa mbili na dakika tano, litaondoka pia saa tatu na dakika tano, saa nne na dakika tano, na kuendelea hadi usiku. Abiria hahitaji kitabu cha ratiba. Hukumbuka dakika moja tu. Fauka ya hayo, ratiba ilipangwa ili magarimoshi yakutane katika stesheni kuu muda mfupi kabla ya saa kutimia na kuondoka muda mfupi baadaye. Mabasi nayo hupangwa kuingiana na mapigo hayo. Kwa hiyo basi la kijiji cha mwisho kabisa ni kiungo cha mnyororo mmoja na garimoshi la jiji la Zürich.

Mwezi wa Desemba 1987 wananchi waliupigia kura na kuukubali mpango uliojulikana kama Reli 2000, ambao ulikamilika mwaka 2004. Wazo lake lilikuwa la busara sana: reli haikuhitaji kuwa ya kasi kuliko zote, ilihitaji kasi ya kutosha kufika kwenye makutano kwa wakati. Njia mpya iliyofunguliwa mwaka huo wa 2004 iliipunguza safari baina ya Bern na Zürich hadi dakika 56, ili garimoshi liwahi mapigo ya saa. Mabilioni yalitumika mahali palipohitajika, na penginepo reli zikaachwa jinsi zilivyokuwa.

Waswisi hawakuwa wa kwanza. Uholanzi ilikuwa imeanzisha ratiba yake ya mapigo tangu mwaka 1970. Lakini Uholanzi ni nchi tambarare yenye miji iliyokaribiana, ilhali Uswisi ni nchi ya milima na mabonde. Waswisi wangeweza kusema, kama tupendavyo kusema sisi, kwamba mambo ya huko hayafai huku. Kumbe kanuni ilifaa. Kilichohitaji kubadilishwa ni jinsi ya kuitekeleza. Wao waliiongezea mabasi ya posta, vyombo vilivyokuwa vikipanda milima yao kwa injini tangu mwaka 1906, vikibeba barua na watu pamoja.

Sasa tuvuke mpaka pale Mals. Reli ya kutoka Merano hadi Mals, yenye urefu wa kilomita 60, ilijengwa mwaka 1906 zama za himaya ya Austria. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia eneo hilo la Tirol ya Kusini likawa chini ya Italia, ingawa wenyeji wengi husema Kijerumani hadi leo. Mwaka 1990 shirika la reli la taifa lilisimamisha huduma katika njia hiyo. Nyasi zikaota juu ya reli. Wakubwa wa mbali waliona njia inayokwisha bondeni bila kwenda popote. Wenyeji waliona jambo jingine. Walikuwa na jirani ng'ambo ya mpaka aliyekuwa akiendesha magari na mabasi yake kwa mapigo ya saa katika mabonde yaliyofanana na lao, na kila siku basi la manjano la jirani huyo lilifika hadi kwao.

Mwaka 1999 serikali ya mkoa iliichukua reli hiyo kutoka kwa dola. Walinunua magari mepesi ya reli yaliyoundwa na kampuni ya Kiswisi. Walipanga ratiba ya mapigo, wakaungania mabasi ya vijiji vya pembeni na stesheni, wakakarabati majengo ya zamani na kuweka baiskeli za kukodi. Tarehe 5 Mei 2005 reli ilifunguliwa tena, na idadi ya abiria ikapita makisio ya waanzilishi wake. Reli ile ile iliyosemekana haina watu ilipata watu. Watu walikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni huduma waliyoweza kuitegemea.

Zingatia namna walivyojifunza. Hawakuileta Uswisi nzima nchini Italia. Waliichukua kanuni na vyombo, wakaviweka chini ya mamlaka yao ya mkoa, wakaandika majina ya vituo kwa Kijerumani na Kiitaliano, na wakaiambatanisha huduma na utalii wao wa baiskeli na mashamba ya matofaa. Hapa niruhusu, msomaji, niingie kidogo katika darasa langu.

Wanafunzi wa isimu hujifunza mapema kwamba hakuna lugha hai isiyokopa. Kiswahili kimekopa meza kutoka kwa Mreno, shule kutoka kwa Mjerumani, na kitabu kutoka kwa Mwarabu. Neno hili la mwisho ndilo nilipendalo zaidi. Mwarabu akiwa na vitabu vingi husema "kutub". Mswahili hakujali hilo. Alilisikia "ki" mwanzoni mwa neno, akalitia katika ngeli yake ya ki-vi, akasema vitabu. Tangu siku hiyo neno si la mgeni tena, limepewa uraia. Mkopo hufaulu pale lugha inapoutia katika sarufi yake yenyewe. Neno linaloingizwa bila kutiwa katika ngeli hubaki likining'inia, likitumiwa na wachache wanaotaka kujionyesha. Ndivyo ilivyo kwa mikopo ya maarifa.

Tazama mfano wa Karlsruhe, mji wa kusini magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 1992 wahandisi wa mji huo walianza kuendesha tramu, yaani vigari vya reli vipitavyo mitaani, juu ya njia za magarimoshi hadi Bretten. Mkazi wa mji mdogo wa pembeni alipanda kigari karibu na kwake akashukia katikati ya jiji bila kubadilisha chombo. Wageni walimiminika kutazama. Saarbrücken ilianza huduma kama hiyo mwaka 1997, na njia yake ikavuka mpaka hadi Sarreguemines nchini Ufaransa.

Lakini kwangu mimi mwanafunzi bora alikuwa Zwickau, mji wa mashariki mwa Ujerumani, karibu na Ucheki. Huko tramu hupita kwenye reli za upana wa mita moja na magarimoshi kwenye reli za milimita 1,435, kwa hiyo tramu haingeweza kwenda shambani. Badala ya kuliacha wazo, wenyeji waliligeuza chini juu. Walitandika reli ya tatu katika barabara ya mjini, na mwaka 1999 wakaliingiza garimoshi jepesi la mikoani hadi katikati ya mji, likipita mahali pa tramu. Karlsruhe ilipeleka tramu kwenye njia ya garimoshi. Zwickau ililileta garimoshi kwenye njia ya tramu. Mwanafunzi aliyeelewa somo ndiye anayeweza kulijibu swali ambalo mwalimu hakuuliza.

Mfano mwingine hauhitaji reli wala mabilioni. Mwaka 1977 Waholanzi walianzisha mabasi madogo ya ujirani. Mahali ambapo basi kubwa halikuweza kumudu gharama, gari la abiria wanane liliwekwa, na wanakijiji wenyewe wakajitolea kuliendesha kwa zamu bila mshahara. Idadi ya abiria wanane haikuchaguliwa ovyo: ndiyo idadi ya juu ambayo mtu mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo huruhusiwa kubeba. Mwaka 1985 wazo hilo lilivuka mpaka likaingia Ujerumani, katika vijiji vya Heek na Legden, si mbali na Uholanzi. Wajerumani, watu wapendao vyama vyenye katiba na mweka hazina, walilitia wazo hilo katika ngeli yao: wakaunda chama cha basi la wananchi kila mahali, jimbo likasaidia kununua gari, na kampuni ya usafiri yenye leseni ikasimamia sheria na bima. Leo katika jimbo la Nordrhein-Westfalen pekee kuna vyama hivyo zaidi ya 100.

Sitaki msomaji adhani kwamba nasifia Ulaya kama vile haina dosari. Basi la wananchi huendeshwa zaidi na wastaafu, nao wastaafu huzeeka. Kijiji kisipopata wa kurithi usukani, basi husimama. Isitoshe, serikali huweza kuupenda mno moyo wa kujitolea, ikausahau wajibu wake. Estonia nayo iliondoa nauli katika mabasi ya wilaya zake nyingi mwaka 2018, jambo lililosifiwa duniani kote, lakini mwaka 2024 nauli ilirejeshwa kwa watu walio katika umri wa kufanya kazi. Nauli ya bure ni kivutio kikubwa kwa mwanasiasa. Ila mtu asiyepitiwa na basi hafaidiki na ubure wake.

Hata basi langu la manjano halikusalimika. Mwezi wa Februari 2018 ilifichuka kwamba kampuni ya mabasi ya posta ya Uswisi ilikuwa imechezea hesabu zake kwa miaka mingi ili kupata ruzuku isiyostahili. Mkurugenzi mkuu wa posta alijiuzulu mwaka huo huo, na kampuni ikalazimika kurudisha zaidi ya faranga milioni 200. Ufisadi haujui theluji wala joto. Tofauti iliyopo ni kwamba fedha zilirudishwa.

Na liko funzo lililonigusa zaidi kama mwanaisimu, kwa kuwa lilitokea katika bonde lile lile la Val Müstair. Mwaka ule ule wa 1982 ambapo ratiba ya mapigo ilianza, mtaalamu Heinrich Schmid alitunga kanuni za Kiromanshi sanifu, ili lahaja tano zenye maandishi tofauti ziwe na lugha moja ya kuandikia. Kazi yake ilikuwa ya kisomi na ya haki kwa lahaja zote. Mwaka 2007 bonde hilo lilikuwa miongoni mwa walioanza kuifunza shuleni. Mwaka 2012 wapigakura wa bonde wakaikataa, wakarudi kwenye lahaja waliyozoea kuiandika. Wazee wetu wa Mombasa wataelewa, maana tangu mkutano wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, manung'uniko ya Kimvita hayajaisha.

Kwa nini bonde hilo hilo lilipokea ratiba iliyopangwa mbali likakataa sarufi iliyopangwa mbali? Nionavyo mimi, ratiba iliwaachia watu maisha yao na kuyarahisishia; lugha sanifu iligusa kitu walichokiona ni chao wenyewe, na wakahisi kwamba wao si waliokitunga. Suluhisho linaloletwa kwa wananchi, hata likiwa jema, huhitaji kupita mikononi mwao kwanza. Mtaalamu asiyeuliza huenda akawa sahihi na bado akashindwa.

Tangu mwaka 1990 Umoja wa Ulaya umekuwa ukitoa fedha kwa mpango uitwao Interreg, ambao husaidia mikoa ya nchi mbalimbali, hasa ya mipakani, kushirikiana na kufunzana, usafiri wa umma ukiwamo. Kinachonivutia katika mpango huo ni kwamba aghalabu wa pembezoni hufunzwa na wa pembezoni. Ofisa wa wilaya yenye vijiji vilivyotawanyika hana mengi ya kujifunza Paris. Atajifunza zaidi kwa mwenzake wa bonde la pili, anayejua maana ya basi lenye abiria watatu na barabara iliyozibwa na theluji.

Hapa ndipo ninaporudi nyumbani. Jedwali la Nne la Katiba yetu ya mwaka 2010 limezipa kaunti jukumu la usafiri wa umma wa barabarani. Ni maneno machache yaliyomo katika orodha ndefu, na sijui ni wananchi wangapi wanaojua kwamba wana haki ya kumuuliza gavana wao swali juu ya basi. Tangu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, tumeuachia usafiri wetu mikononi mwa wenye magari binafsi. Matatu, iliyopata jina lake kwa nauli ya mapeni matatu, imetufaa mno, na simdharau yeyote aliyeamka alfajiri kutupeleka kazini. Lakini matatu hungoja kujaa. Mahali panapojaa upesi hupata magari mengi kupita kiasi. Mahali pasipojaa hubaki na bodaboda, au na miguu. Mama mjamzito wa kijiji cha mbali hawezi kujaza gari peke yake.

Kwa hiyo sisemi wajumbe wa kaunti wasisafiri. Nasema tuwaulize maswali kabla hawajaondoka. La kwanza: mnakwenda kutafuta jibu la swali gani, na swali hilo limetoka kwa nani? La pili: huko muendako panafanana na kwetu kwa lipi? Kaunti yenye watu wachache katika eneo kubwa ingefaidika zaidi kwa kukaa wiki moja katika kaunti jirani, au kuvuka Namanga au Busia, kuliko kuzungushwa katika jiji kubwa lenye reli za chini ya ardhi. La tatu: ni nani mnayekwenda naye? Katika ujumbe ningependa kumwona mwenye matatu, dereva, muuguzi wa zahanati na mwalimu, maana hao ndio watakaolitia jambo katika ngeli. La nne: mkirudi, ni lipi litakaloanza, lini, kwa fedha zipi, na nani atakayejibu lisipoanza?

Watu wa Tirol ya Kusini walikaa miaka 15 wakiitazama reli yao ikiota nyasi na basi la jirani likija na kurudi. Safari yao ya mafunzo haikuhitaji ndege. Walichohitaji ni kutazama kwa makini na kukataa kuambiwa kwamba bonde lao halistahili.

Nimalizie kwa neno lenyewe. Mnamo mwaka 1826, katika mji wa Nantes nchini Ufaransa, magari ya farasi ya kubeba abiria yalianza kuitwa "omnibus", neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote". Waingereza walilikata neno hilo wakabakiza mkia wake tu, nasi tukaukopa mkia huo, tukauongezea irabu, ukawa basi. Kwa bahati, Kiswahili kilikuwa tayari na "basi" nyingine, ile ya Kiajemi yenye maana ya kutosha, kukoma, imekwisha. Kwa hiyo katika lugha yetu chombo cha watu wote na tamko la mwisho wa mambo hutamkwa kwa namna moja.

Yule bibi mwenye kikapu alishuka Valchava. Dereva alisimamisha basi, akamteremshia kikapu chake, akamuaga kwa lugha yake, kisha akatazama saa. Tulikuwa tumebaki abiria watatu, nalo basi likaendelea na safari.